Mwaka Tuliopata Mtani

Mwezi uliopita nilimtukana marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakanishukuru. Marehemu alikuwa Bi Somoe wa Kibiti, mwanamke wa Kimatumbi, msukaji wa mikeka, aliyekuwa mwenye nyumba wetu zamani, na mimi ni mwanamke wa Kituruki ambaye sasa naitwa bibi hata na makondakta. Mwanawe, Mwanaidi, alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka, akasema, "Dada Kulthumu, mama ametutoka. Njoo ufanye kazi yako." Hakusema njoo unipe pole. Nikapanda basi Dar es Salaam, na njia nzima nilikuwa natafuta matusi huku machozi yananichuruzika, abiria wa pembeni akanipa leso akidhani nimeachwa na mume. Nilipofika nikajifunga kanga ya marehemu kiunoni, nikachukua mkeka wake aliouacha nusu, nikakaa nao katikati ya mlango na kuwatangazia watu kwamba bibi huyu hakufa, amekimbia kazi, na kwamba Wamatumbi wote ndivyo walivyo, ukiwapa ukindu wanakuomba na vidole vya kusukia. Watu wakacheka huku wanafuta macho. Kitukuu mmoja anayesoma mjini akamwuliza jirani, "Huyu Mzungu ana wazimu?" Jirani akamjibu kwa upole, "Huyo si Mzungu, huyo mtani." Nimefanya ukalimani maisha yangu yote, mahakamani na hospitalini, nimeitwa mtaalamu na mheshimiwa, lakini sijapata kupewa cheo kikubwa kuliko hicho, na nataka kusema nilikipataje.

Jinsi familia yetu ilivyotoka kwetu ikafika Afrika ni habari ndefu ya kuchosha, na wazazi wangu wenyewe hawakupenda kuisimulia, basi nami naiacha. Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, sabuni za kunukia zimerudi madukani, mitumba imejaa magulioni, na kila mwenye mtaji Dar es Salaam anatafuta kitu cha kununua mashambani na kukiuza ng'ambo. Tajiri mmoja akaamua kitu chake kitakuwa kamba wa delta ya Rufiji. Kamba walikuwa tele kule Mbwera na visiwa vya jirani, ila kamba akishatoka majini hamngojei mtu, bila barafu jioni ananuka. Baba yangu, Yusuf, aliyekuwa fundi wa mitambo, akaajiriwa kufunga mashine ya barafu Kibiti na kukaa nayo mwaka mmoja mpaka izoee kazi. Kila wiki alipakia barafu kwenye pikapu, akaifunika maganda ya mpunga isiyeyuke, akaiteremsha mpaka Nyamisati, akaingia nayo kwenye boti la mashine hadi Mbwera, na akarudi ananuka shombo na dizeli, amefurahi. Baba alikuwa mtu wa kufurahi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikitumia chote, hakubakiza hata neno moja mfukoni, na Kibiti nzima ilimwita Fundi Barafu.

Tulipanga kwa Bi Somoe. Nyumba yake ilikuwa ile ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na choo. Sisi tulichukua upande wa kulia, yeye na Mwanaidi na wapwa wanaokuja na kuondoka wakabaki upande wa kushoto. Haikuwa na dari, na kuta za vyumba zilikomea pale mtu mrefu anapofika akinyoosha mkono, juu yake ni hewa tupu mpaka kwenye bati. Ulichokisema chumbani kwako kilitembea nyumba nzima. Mtu akipiga chafya upande wa kushoto aliombewa rehema upande wa kulia. Mama alichagua chumba cha mwisho, chenye dirisha la kuelekea uani, na huko akajifungia na unga wake na nyuzi zake. Nguo zake hakuzitundika, alizikunja akaziacha ndani ya sanduku, kwani, alisema, mtu wa mwaka mmoja hapigi misumari ukutani. Kiswahili nacho hakukitaka kwa sababu hiyohiyo. Dar es Salaam, tulikokaa kwanza, alikuwa amejifunza kusema "bei gani" na "hapana," na kwa maneno hayo mawili aliweza kununua sokoni kitu chochote, tena kwa bei nafuu kuliko baba.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na masikio yake. Jina langu la nyumbani ni Gülsüm. Kibiti waliniambia hilo ni Kulthumu tu, limekosa kupigwa pasi. Kiswahili changu kilikuwa cha Kariakoo, na Bi Somoe alikuwa akikishika kwa ncha za vidole, "Mwanangu, hilo neno umelitoa jalalani, lirudishe." Kituruki changu kilikuwa cha mama, cha adabu, cha kuinamisha macho. Mara nyingine lugha hizi zilisaidiana. Kitabu, kalamu, sabuni, dakika, dunia, hayo mama aliyajua tayari, maana na sisi tuliyachukua kwa Mwarabu. Lakini majina ya vitu ndiyo mepesi kuvuka. Kwetu ukila chakula cha mtu unamwombea mikono yake iwe na afya. Siku ya kwanza nilipokula wali wa nazi kwa Bi Somoe nikamwambia kwa Kiswahili, kwa heshima zote, "Mikono yako iwe na afya." Akaigeuza mikono yake akaitazama juu na chini, akaniuliza, "Kwani umeona nini?" Nilikuwa watu wawili mwaka ule. Kwa Kituruki nilikuwa msichana mpole anayejibu akiulizwa. Kwa Kiswahili nilikuwa na mdomo, nilijua kubishana na wauza korosho kituoni, nilijua kucheka kwa sauti. Baba aliwapenda wote wawili. Mama alimjua mmoja tu, na wa pili alimsikia kwa mbali, uani, akicheka na watu asiowajua.

Siku tuliyopata mtani ilikuwa Ijumaa. Baba alikuwa ametoka msikitini, amekaa barazani na kofia yake ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwa la kupasua vichwa, na Bi Somoe anasuka mkeka miguu ameinyoosha.

"Fundi," akasema, "watani zenu nyie kina nani?"

Baba akanitazama. Nikamweleza kwa Kituruki, kadiri nilivyoweza, kwamba hapa kabila lina kabila jingine la kutaniana nalo; kwamba mtani anaweza kukutukana, akakunyang'anya kitoweo mkononi, nawe huna ruhusa ya kukasirika; na kwamba kwenye msiba wako yeye ndiye mwenye kazi.

"Mwambie hatuna," akasema baba.

"Hamna?" Bi Somoe akaacha kusuka. "Sasa mkifiwa nani anawachotea maji?"

"Ndugu," baba akajibu mwenyewe.

"Ndugu wanalia. Mie nauliza wa kuchota maji." Akauokota tena ukindu wake. "Haya. Watani ni watu waliopigana zamani, wakachoka, wakapatana. Mwulize baba yako, Waturuki walipigana na nani?"

Baba alifikiri kwa makini, maana lilikuwa swali la haki na alipenda kutoa jibu la kweli. "Mwambie, na kila mtu."

Nilipolivusha jibu lile, Bi Somoe alicheka mpaka ukindu ukamdondoka mapajani. "Basi na sie tumo humo. Kuanzia leo Wamatumbi wa nyumba hii ni watani zenu. Na hiyo kofia ilete." Akaichukua kichwani kwa baba, akaivaa juu ya kilemba chake, akaendelea kusuka. Baba hakuipata tena mpaka siku ya Idi.

Tangu siku hiyo hatukupumua. Mama alipofunga wali na nyama kwenye majani ya maboga, kwa kuwa majani ya mzabibu hayakuwepo, Bi Somoe alichungulia sufuria akatangaza mtaa mzima kwamba Waturuki wanakula hirizi. Chai yetu, ya rangi, katika vigilasi vyembamba, aliita dozi. Baba aliposwali mikono ameifunga chini ya kitovu, kama tulivyofundishwa kwetu, Bi Somoe aliwaambia majirani, "Mwacheni, kashika tumbo. Mkewe hajampa kitu." Na barafu yenyewe hakuisamehe: watu wa nchi ya baridi wamekosa kazi kwao, wamekuja kututengenezea baridi sisi tuliojikalia na jua letu. Baba naye hakuwa bubu. Siku alipompa Bi Somoe kipande cha barafu mkononi kwa mara ya kwanza, yeye alikitupa akapiga ukunga kwamba kinaunguza, na tangu hapo kila alipomwona baba alitikisa kidole na Kiswahili chake kile, "Mmatumbi ogopa maji." Nilimpenda baba sana nilipomwona akitaniwa. Mtu mgeni huheshimiwa, na heshima ile ni kama kiti anachowekewa peke yake pembeni. Bi Somoe alimwondoa kwenye kiti akamkalisha mkekani na wenzake.

Mama alisikia vicheko, akaniita ndani. "Wamesema nini?" Nami nikamwambia, maana nilijivunia kazi yangu na sikupenda kumwaga hata tone. "Amesema baba anaswali ameshika tumbo kwa kuwa humlishi." Mama akaweka chini unga aliokuwa anakanda. "Na baba yako amejibu nini?" Nikasema amecheka. Nikajaribu kumweleza utani, nikazunguka na maneno ya Kituruki yote niliyokuwa nayo, ya mzaha, ya ujirani, ya udugu, na hakuna lililotosha. Kwetu pia watu hutaniana, ila kuna vitu vitatu havitiwi mdomoni: dini ya mtu, mama wa mtu, na maiti wa mtu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Anayekupenda hakutukani," akasema, akarudi kwenye unga wake. Tangu hapo akipishana na Bi Somoe koridoni aliinamisha kichwa kidogo tu na kupita, na Bi Somoe, ambaye hakuwahi kunyamazishwa na mtu, alikuwa akimpisha kimya.

Lakini sahani ziliendelea kuongea. Bi Somoe alileta bakuli la kamba wa nazi limefunikwa kawa, akaliweka kizingitini. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, ni aibu, basi mama alilirudisha bakuli na mtindi ndani yake. Likarudi na mihogo ya kuchemsha. Likaenda na halua ya unga wa ngano. Wanawake wawili wasiosemezana walilishana miezi mizima, na kila mmoja aliniuliza faraghani mwenzake amesemaje juu ya chakula. Nilikuwa nikimwambia mama kwamba Bi Somoe kamaliza halua yote halafu kasema imemganda kooni kama saruji, na mama alikaza midomo. Wiki iliyofuata akapika tena ileile, kubwa zaidi.

Masika yalipoanza barabara ikafa. Malori ya kusini yalilala kwenye tope, kituoni hakukuwa na la kuuza wala wa kununua, na Bi Somoe, kwa kuwa baraza lilikuwa linarushiwa mvua, akahamia koridoni na mkeka wake, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa chumba cha mama. Mwanaidi alikuwa anaposwa wakati ule. Kutwa nzima mama yake alimsomesha mambo ya dunia: mume akirudi amenuna usimwulize, mpe maji kwanza; mkwe akikusifia mboga ujue chumvi imezidi; usimcheke mwanaume mbele ya nduguze, mcheke mkiwa wawili, atakupenda. Alisimulia misiba na ndoa, nani kamwiba nani, nani alifufuka akiwa anaoshwa. Upande wa pili wa ukuta mama alikanda, akashona, akachagua mchele. Mwanzoni, usiku ukiingia, aliniuliza, "Leo wamesema nini?" nami nikampa habari zote kwa mpangilio. Kufikia katikati ya mvua hakuuliza tena. Nilidhani amechoka, na moyoni niliudhika kidogo, kama muuza duka aliyekimbiwa na mteja. Alikuwa amebaki na neno moja, ambalo alilisema kila akikunja nguo: tukimaliza mwaka, tunaondoka. Baba aliitikia. Mimi sikuitikia. Sikutaka kurudi kuwa msichana mmoja.

Baba alifariki Mbwera, mvua zilipokwisha na maji ya mto yameanza kupungua. Waliokuwa naye walisema alimaliza kupanga kamba kwenye barafu, akakaa juu ya sanduku kunywa dafu, akasema moyo unamchezea, akaegemea. Hakuugua. Watu wa Mbwera walimfunga kwenye mkeka, wakamrudisha kwa boti lilelile, na kwa kuwa safari ni ndefu wakamlaza kwenye barafu iliyobaki, ile aliyoitengeneza yeye. Dereva wa pikapu alifika nyumbani asubuhi akanikuta barazani. Aliniambia kwa Kiswahili, taratibu, akiwa ameshika kofia kifuani. Nikaingia ndani, nikapita korido, nikafungua mlango wa mama nikamwambia kwa Kituruki. Nilikuwa nimeshayatafsiri yote, moyo, dafu, sanduku, kabla sijayaelewa kwa lugha yoyote. Mama aliniuliza maswali, nikatoka kumwuliza dereva, nikarudi na majibu. Wazee wa msikiti wakaja kuuliza habari za sanda na mahali pa kuzika. Mtu wa tajiri akaja kusema maiti inaweza kupelekwa Dar es Salaam, ikatafutiwa ndege. Mama akasema dini inataka leo, azikwe hapahapa, na sisi tutaondoka wiki hii. Nikaenda nikarudi, nikaenda nikarudi. Sikulia. Nilikuwa na kazi.

Bi Somoe naye hakulia. Tangu dereva aingie alikuwa amejifunga kibwebwe, anachota maji ya kumwoshea baba, anapasua kuni, anawafokea wapwa zake walete masufuria, anawapangia wageni mikeka. Mama hakuachiwa kunyanyua hata kikombe. Nilimpita uani mara kadhaa na kila mara nilitaka aniambie neno, hakuniambia, aliniwekea tu mkono kichwani akaendelea. Leo najua alikuwa anatimiza alichokiahidi Ijumaa ile barazani. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba kazi ya mtani ina sehemu ya pili, na sehemu hiyo ilikuwa inakuja, na mama hakuwa ameambiwa. Nilikuwa nimemweleza vicheko vya barazani, sikuwa nimewahi kumweleza vya msibani, kwa sababu nilijua vile vitu vitatu visivyotiwa mdomoni.

Jeneza liliwekwa koridoni. Wanawake tumekaa pande zote, mama kichwani kwa baba, mimi pembeni yake. Wanaume wamesimama barazani wanangoja kubeba. Basi mlango wa uani ukafunguka akaingia Bi Somoe. Alikuwa amevaa ovaroli ya baba, ile ya buluu iliyokuwa kwenye kamba ya kuanikia, imembana, vifungo viwili havikufika. Kofia ya sufu kichwani. Spana mkononi. Alikuja akivuta mguu mmoja na kunung'unika kwa sauti nene, "Barafu tayari. Kamba iko wapi?" Ilikuwa sauti ya baba kabisa, na wanawake wawili wakaangua kicheko kabla hawajajizuia.

Alifika akasimama katikati ya jeneza na mlango wa mbele. "Hakuna kutoka," akasema. "Fundi mnampeleka wapi na mwaka haujaisha?" Akaligonga jeneza kidogo kwa spana. "Wee Mturuki, amka. Mwaka mzima unagandisha kamba wa watu, leo umeganda mwenyewe. Umeona? Mie nilikwambia baridi si kitu cha kuchezea. Sasa Mmatumbi gani atachimba kaburi la mtu mvivu anayelala mchana?"

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, kinachotoka pamoja na kamasi. Mama akainua uso. Aliitazama ovaroli. Alikuwa ameifua kwa mikono yake siku mbili nyuma, na sasa imesimama mbele yake imejaa mtu mwingine. Nikaona taya lake linakaza, na hofu niliyoisikia siku hiyo sijaisikia tena maishani. Nilijua kwamba kitakachotoka mdomoni mwangu sasa hivi ndicho mama atakachoondoka nacho. Nikilitafsiri lile neno la kuganda kama lilivyo, hatamsamehe Bi Somoe mpaka kufa, wala hatanisamehe mimi niliyewapenda watu hawa. Ataipakia Kibiti yote ndani ya lile sanduku kama mahali walipomcheka mumewe aliyekufa, na nitaishi naye huko kwetu, sisi wawili tu, hatuwezi hata kuutaja mwaka huu. Nikilipunguza, nitakuwa nimemnyima Bi Somoe kitu alichompa baba, na baba mwenyewe angelitaka lote. Nikaamua lote. Nikamsogelea sikioni nikaanza kwa Kituruki, "Mama, huyu anasema, mwaka mzima baba ame..."

Mama akaniweka kiganja mdomoni. Hakunipiga, aliniziba tu, kiganja kikavu chenye harufu ya unga. "Nyamaza, binti yangu," akasema kwa Kituruki. Halafu akasimama.

"Wewe Mmatumbi," akasema kwa Kiswahili.

Bi Somoe aliteremsha spana.

"Hiyo ovaroli nimefua mimi. Tumbo lako litapasua." Alizungumza polepole, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua jingine, lakini yalikuwa maneno ya upande wa kushoto wa nyumba ile, na lafudhi yake ilikuwa ya Bi Somoe mtupu. "Tena mume wangu hatembei hivyo."

Akamnyang'anya spana. Akaweka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno, akatanguliza kichwa mbele, macho chini, kama mtu aliyedondosha skrubu, na akatembea korido ile kwa hatua fupi za haraka mpaka miguuni kwa jeneza, akageuka kwa bega kama baba alivyokuwa akigeuka, akarudi. Alikuwa yeye. Kila aliyewahi kumwona Fundi Barafu akishuka kwenye pikapu alimwona tena pale, katika gauni jeusi la mama.

"Anatembea hivi," mama akasema.

Wanawake walicheka, kisha wakapiga kelele za kulia, vyote kwa pamoja. Bi Somoe alibaki amemkodolea macho. "Kumbe we mwanamke unasikia," akasema.

"Nyumba yako haina dari," mama akamjibu. "Kutwa unaongea. Nitaacha kusikia vipi?"

Bi Somoe alicheka, kicheko kikamkatikia njiani, na yeye ambaye kwa haki ya utani hakupaswa kulia, akalia. Alivua ile kofia akamvisha mama. Wakashikana pale, ovaroli na gauni jeusi, wanatukanana kwa sauti ya chini, mama akimwambia halua si saruji, ni meno yake yaliyooza, Bi Somoe akimwambia basi kaa hapa ukalie eda yako unipikie mpaka yaishe yote. Mama akasema atakaa. Kisha Bi Somoe akasogea mlangoni, akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akawaambia wanaume waingie, fundi sasa ana ruhusa. Wakaingia wanamtaja Mungu, wakainua jeneza, wakatoka nalo juani.

Nikageuka kumtafuta wa kumtafsiria. Bi Somoe alikuwa anazungumza na mama. Mama alikuwa anamjibu. Jirani mmoja alimpa mama pole naye akaipokea mwenyewe, kwa Kiswahili, akashukuru. Hakuna aliyenitazama ili nimwambie mwenzake amesema nini. Sikuwa na neno la mtu mwingine kinywani, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nikakaa chini mkekani, pale jeneza lilipokuwa, nikamwita baba kwa Kituruki, nikalia mpaka Mwanaidi akaja kuniweka kichwa mapajani mwake.